Uzi wa Mdomoni mwa Zamda

"Hivi Zamda, huo uzi uliomo mdomoni mwako, ni utumbo wa mnyama gani?"

Mwantumu aliuliza hivyo akiwa ameinama anasogeza ndoo yake chini ya bomba la kijiji, wala hakuwa na nia mbaya. Mwantumu ndivyo alivyo tangu utoto. Akiona kuku mgeni atauliza ni wa nani, akisikia mtoto wa jirani analia atauliza ana nini. Basi na siku hiyo aliuliza kama kawaida yake, kisha akainua uso kungoja jibu.

Zamda alikuwa amesimama, shavu la kushoto limevimba kama kaficha andazi, kanga kaifunga kuanzia kidevuni mpaka utosini. Muda mfupi tu nyuma alikuwa akiwasimulia wanawake habari za Korogwe, na ingawa maneno yalimtoka kwa shida, alisimulia kwa raha: sindano ya ganzi, koleo, gego lililotoka vipande viwili, na yule mganga wa meno, kijana mpole, aliyemwambia, "Mama, nimekushona kwa uzi wa utumbo. Utayeyuka wenyewe humo humo, huna haja ya kusafiri tena kuja kutolewa nyuzi."

"Sikumwuliza," akasema Zamda.

"Hukumwuliza?"

"Mdomo umejaa shashi, ningemwulizaje?"

Wanawake wakacheka. Mmoja akasema lazima ni ng'ombe, kwa sababu ng'ombe ana utumbo mrefu. Mwingine akasema mbuzi, utumbo wake mwembamba unafaa kwa ushonaji. Kisha mmoja aliyekwisha kujitwika ndoo na kuanza kuondoka, akasema bila kugeuka, "Au ni wa kule kwa Yuditha."

Kicheko kikakatika hapo. Kwa Yuditha walifuga nguruwe.

Neno hilo lingemwangukia mwanamke mwingine, lingekuwa mzaha wa bombani, likaisha jioni. Lakini Zamda ndiye aliyekuwa mwosha wa wanawake kijijini pale. Mwanamke wa Kiislamu akifa, ni Zamda aliyeitwa kumwosha.

Kazi hiyo aliirithi kwa shangazi yake kule Chanika, Handeni, alikozaliwa. Mwaka wa Uhuru ndipo alipoanza. Siku watu walipokusanyika kuimba na kupiga ngoma kwa ajili ya bendera mpya, yeye alikuwa ndani na shangazi yake, mbele ya mama aliyefariki kwa uzazi. Zamda, mwanamke kijana mwenye mtoto wake wa kwanza, Rehani, nyumbani, ndiye aliyemimina maji. Maji yalimtoka kwa kishindo mpaka shangazi akamwambia, "Mimina taratibu. Huyu hawezi kukwambia kama unamwumiza, kwa hiyo usimwumize." Ngoma zilikuwa zinasikika ukutani. Baadaye, watu walipokuwa wakisimuliana walivyoona bendera ikipanda, Zamda alikuwa akicheka na kusema yeye Uhuru aliusikia tu, hakuuona.

Alikuwa na namna yake ya kuosha. Maji aliyapima kwa kiwiko, kama ya kumwogeshea mtoto mchanga. Majani ya mkunazi aliyaponda mwenyewe, hakumwachia mtu. Na alikuwa akimsemesha marehemu: "Nakugeuza sasa, mama. Nakuinua mkono." Akifika mdomoni alizungusha kitambaa laini kidoleni, akapitisha juu ya meno polepole, upande huu na upande huu. Vinywa vingi vilipita mikononi mwake. Alijua ni nani alikufa na meno yote na ni nani alikuwa anatabasamu kwa mdomo uliofumbwa kwa sababu ya pengo. Akitoka chumbani hakutoka na neno. Ndiyo maana wanawake walimwamini: kilichoonekana mle ndani kilibaki mle ndani.

Watu walipohamishwa kuja kuishi pamoja, Zamda na mumewe Athuman waliletwa kwenye kijiji kipya kilichopimwa ndani kidogo ya Kabuku. Nyumba zilisimama mistari mistari, na jirani hukumchagua. Wazigua waliotoka vitongoji vya zamani walijikuta mstari mmoja na Wasambaa walioshuka kutoka milimani, Waislamu na Wakristo, huyu anaamka kwa adhana na yule anaimba tenzi. Yuditha na mume wake walikuwa wa Usambara, Walutheri, watu wa bidii. Walikuja na nguruwe wao. Mkutano wa kijiji ulikaa kujadili habari ya nguruwe hao, maneno yakawa mengi, mwishowe ikaamuliwa banda lijengwe ng'ambo ya bonde. Likajengwa. Nguruwe wakahama, lakini maneno hayakuhama.

Hilo gego lilikuwa la mwisho, lile linaloota mtu akiwa mtu mzima. La Zamda liliota kwa ubavu. Kwa miaka lilimwuma na kuacha, akaweka karafuu, akasukutua kwa maji ya chumvi. Mwaka ule wakati wa palizi ufizi ulivimba ukatoa usaha, na asubuhi moja kwenye shamba la kijiji mdomo ukagoma kufunguka zaidi ya upana wa kidole. Bwana wa zahanati akatazama akasema hilo si lake, aende Korogwe.

Yule mganga wa meno wa Korogwe aliitwa Paulo. Alimweleza kila kitu kabla hajagusa. "Gego limelala, mama. Nitapasua ufizi kidogo, nilikate, nilitoe. Halafu ufizi naurudisha mahali pake na kuushona, ili shimo lisibaki wazi kuingia chakula." Akamwuliza anatoka wapi. Zamda akamwambia, Kabuku, ndani huko. Paulo alikuwa tayari ameshika uzi mmoja mkononi. Akautazama, akaurudisha, akachukua mwingine uliokuwa ndani ya kichupa cha kioo. Alimwonea huruma ya safari. Ule wa kwanza ungemlazimu arudi Korogwe kutolewa nyuzi, huu wa pili ungeyeyuka wenyewe. Yote yaliyofuata yalitoka kwenye huruma hiyo.

"Leo usisukutue," alimwambia wakati wa kuondoka. "Usiteme mate ovyo. Damu ikiganda shimoni ndiyo kifuniko cha kidonda. Ukiisukutua, umekifunua."

Siku ya kwanza Zamda alitawadha bila kusukutua, akalowesha midomo tu. Alijua sala haibatiliki kwa hilo, maana kusukutua ni sunna. Hata hivyo alijisikia kama mtu aliyetoka nyumbani bila kufunga mlango.

Sasa juu ya hilo likaja swali la Mwantumu.

Kesho yake alikwenda kwa Shehe Muhidini, akamkuta nje ya msikiti anatengeneza jamvi. Shehe alimsikiliza mpaka mwisho.

"Umeugua, umetibiwa, na hukujua," akasema. "Sali, mama. Huna kosa."

"Na maiti, shehe?"

Shehe akanyamaza kidogo. "Na maiti osha."

"Mbona umenyamaza kwanza?"

"Nilikuwa nafikiri, Mama Rehani. Kwani kila mtu akinyamaza ana shaka? Wewe mwenyewe hunyamazi?"

Zamda akashukuru, akaondoka. Lakini kule kunyamaza alikwenda nako nyumbani. Na wanawake wa bombani hawakumsikia shehe, walisikiana wenyewe kwa wenyewe. Hakuna aliyemtukana. Walimpa pole, wakamwuliza hali ya shavu, halafu akishapita wakasogeleana.

Wiki ile ile akafa mwanamke wa mstari wa chini. Zamda aliposikia kilio aliweka maji motoni, akaponda majani ya mkunazi, akachukua kafuri na kitambaa chake, akaenda na beseni kama siku zote. Mlangoni alipokelewa na mama mdogo wa marehemu. Mama yule akamshika mikono yote miwili, kwa upole kabisa.

"Mama Rehani, pole na ugonjwa. Wewe upone kwanza. Tumempata mtu kutoka Kabuku."

"Mimi sijambo. Ni shavu tu."

"Upone kwanza, dada yangu."

Hakukuwa na neno baya hata moja katika hayo. Zamda alirudi na beseni lake, majani yanaelea juu ya maji, na njiani watu wakampisha.

"Mbona mapema?" aliuliza Athuman, aliyekuwa anatia mpini jembe.

"Wamempata mwingine."

Athuman akaacha jembe. Alikuwa mtu wa maneno machache na akitaka kufariji alikuwa hajui aanzie wapi. "Basi kaa unywe uji," akasema. "Upo wa moto."

Zamda hakunywa. Alimngoja Athuman aondoke kwenda shamba, akachukua kioo kidogo na wembe mpya, akakaa kizingitini penye mwanga. Kama kilicho mdomoni ndicho kinachomtenga na wafu wake, basi kitoke. Hakutaka kungoja kiyeyuke, maana kuyeyuka ndiko kulikomtisha: kitayeyukia wapi kama si mwilini mwake? Alivuta shavu kwa kidole, akaona vifundo vidogo vya rangi ya njano juu ya ufizi mwekundu. Akakata. Akavuta kwa kucha. Ufizi uliokuwa umeanza kushikana ukaachana. Akaenda mtungini, akatawadha, na safari hii akasukutua mara tatu kwa nguvu zake zote, mpaka kikatoka kipande cheusi cha damu iliyoganda kikaanguka mchangani. Akakifukia kwa mguu.

Alasiri hiyo alisali ametulia moyo, huku damu inachuruzika kwenye pindo la kanga.

Utulivu haukumaliza siku mbili. Maumivu yalipanda sikioni, yakashuka shingoni. Kinywa kikaanza kunuka hata yeye mwenyewe akawa anageuza uso akiongea na watu. Mdomo ukafunga tena kama mwanzo. Athuman alimulika mle ndani kwa tochi, akaona shimo tupu, jeupe.

"Nyuzi ziko wapi?"

Zamda akaonyesha wembe.

"Zamda! Umejikata mwenyewe?" Akakaa chini. "Kwa ajili ya maneno ya bombani?"

"Si kwa ajili yao," akasema Zamda, na machozi yakamtoka. "Nawaandaa watu waende kwa Mola wao wakiwa safi. Na mimi mdomo wangu sijui una nini. Ningewagusaje?"

Athuman akauchukua ule wembe, akautia mfukoni mwake.

Mgeni aliyebisha hodi asubuhi iliyofuata alikuwa Yuditha. Alikuja amekunja uso, amejifunga kibwebwe kama mtu wa kwenda kuamua ugomvi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimesikia nguruwe wangu wanashona watu Korogwe."

Zamda akainamisha kichwa. "Mimi sikusema hivyo, Yuditha."

"Najua hukusema. Ungesema ningekuja jana." Yuditha akamtazama vizuri, na uso wake ukakunjuka. "Wale nguruwe mama, hata Kabuku hawajafika. Mmoja bonde lenyewe lilimshinda kuvuka, tulimbeba. Ataendaje Korogwe kushona watu?"

Zamda alitaka kucheka, akashika shavu. Athuman ndiye aliyecheka, kwa mara ya kwanza tangu juzi.

"Fungua mdomo nione," akasema Yuditha. Akaona, akasikia harufu, akasimama. "Mama, hapa tunakwenda Korogwe leo. Mimi mwenyewe nina dada yangu kule, Filomena, anakaa karibu na reli. Baba, nipe kanga zake mbili."

"Nimeshatibiwa kule," Zamda akasema. "Nitamwambia nini yule kijana?"

"Utamwuliza ni mnyama gani. Si ndilo swali lenyewe? Kijiji kizima kinauliza, na mwenye jibu yuko kule anakunywa chai."

Walipanda basi Kabuku, wakateremka Segera kungoja lingine, wakafika Korogwe wamejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Paulo alimkumbuka Zamda mara moja. Alipoona mle kinywani, uso ukambadilika.

"Mama, nani amezitoa?"

"Mimi."

"Kwa nini? Zilikuwa zinakuumiza?"

Zamda akamtazama Yuditha. Yuditha akanyanyua kidevu kumhimiza. Basi Zamda, kwa mdomo usiofunguka, akauliza swali lile lile aliloulizwa bombani: utumbo ule ulikuwa wa mnyama gani?

Paulo hakumcheka. Alifikiri kwanza, akaenda kabatini, akarudi na kichupa cha kioo, ndani yake uzi wa manjano umejikunja kwenye maji yake. "Ni wa kondoo," akasema. "Ndivyo tulivyofundishwa. Wengine hutengeneza kwa ng'ombe. Nguruwe sijasikia."

"Alichinjwa na nani?"

"Hilo silijui, mama. Unatoka nje ya nchi, umefungwa hivi hivi. Nikikwambia nalijua nitakuwa nakudanganya." Akakiweka kichupa mezani. "Na mimi nina kosa. Nilipaswa kukuuliza kabla. Niliwaza safari yako tu. Nilikuwa na uzi wa hariri pale mkononi."

"Hariri?" Zamda akashangaa. "Ya vitambaa?"

"Ya vitambaa. Mdudu anautema, hauna utumbo ndani."

Yuditha akapiga makofi. "Shehe wenu si anasema hariri haramu kwa wanaume? Wewe ni mwanamke! Ungerudi kijijini umevaa hariri mdomoni, waone wivu wote."

Hata Paulo alicheka. Zamda aliuma kanga yake kwa uchungu wa kucheka. Lakini alipotulia akasema, "Basi sasa nishone kwa hiyo hariri."

Paulo akatikisa kichwa. Akamweleza kwamba kidonda kina siku zake. Siku jino linapotoka ufizi ni mbichi na safi, unashikana upesi ukishonwa. Sasa mle ndani pameingia uchafu. "Nikikifunga leo, nafungia uchafu ndani, utakuumiza zaidi. Sasa tutakiacha wazi, mama. Nitakisafisha, nitatia utepe wa shashi wenye dawa ya karafuu, na utakuja nibadilishe mpaka nyama ijae yenyewe kutoka chini kwenda juu. Ni njia ya polepole. Utepe nitaushikiza kwa fundo moja la hariri usije ukaumeza. Na dawa hii ni mafuta ya mkarafuu, na unga mweupe wa madini. Hakuna mnyama ndani."

Aliyataja yote hayo bila kuulizwa.

Akasafisha. Zamda alishika mikono ya kiti, akawa anasoma kimoyomoyo, na Yuditha amemshika bega. Ilipotiwa ile shashi, harufu ya karafuu ikapanda puani, akakumbuka karafuu alizokuwa anajitilia mwenyewe kwa miaka. Maumivu yakapungua taratibu, kama mtu anayerudi nyuma mlangoni.

Walilala kwa Filomena siku zote hizo za kubadilisha shashi. Zamda alikuwa na wasiwasi juu ya chakula, lakini aliona aibu kusema. Jioni ya kwanza alimwona Filomena anatoa sufuria ambalo lebo yake ya karatasi ilikuwa bado imebandikwa ubavuni. Akaibandua, akaliosha, akapika humo uji wa mtama peke yake, na upawa wake peke yake. Kila siku uji wa Zamda ulitoka katika sufuria hilo, na siku ya kuondoka Filomena alimfungia kwenye gazeti akasema, "Nenda nalo, mama. Hili limeshakuwa lako."

Siku hiyo hiyo Paulo alikata fundo la hariri. Uzi ulikuwa mweusi, mfupi kuliko ukope. Alimwonyesha, kisha akautupa.

Nyumbani Athuman alifurahi kumwona shavu limeshuka. Aliposikia habari ya kondoo akafurahi zaidi. "Basi yamekwisha. Waambie ni kondoo, uishie hapo. Hayo ya mchinjaji nani atakuuliza?"

"Mwantumu atauliza."

"Mwantumu amekoma. Tangu mwondoke hajamwuliza mtu kitu."

"Basi nitajiuliza mwenyewe," akasema Zamda.

Kweli Mwantumu alikuwa amekoma. Zamda alipofika bombani na ndoo yake, Mwantumu alimwamkia huku anatazama chini, kisha akajifanya anaosha mkono wa ndoo ambao ulikuwa safi. Zamda akatua ndoo.

"Mwantumu, uliniuliza swali nikasafiri nalo."

"Mwenzangu, tuyaache."

"Tusiyaache. Ni utumbo wa kondoo. Ndivyo alivyofundishwa aliyenishona. Aliyemchinja kondoo hamjui, na mimi simjui. Huo nilikuwa nimeshautoa kwa wembe, nikajiumiza, na aliyenishika mkono mpaka Korogwe ni Yuditha."

Mwanamke mmoja akauliza, "Kwa hiyo ulikuwa halali au haukuwa halali?"

"Shehe ameniambia nisali, nami nasali. Zaidi ya hapo sijui. Nimewaambia ninachokijua."

Maji yalijaa ndoo yakamwagika, ikabidi mtu akimbilie kufunga bomba. Zamda akajitwika akaenda, na moyoni alijua kwamba kwa maneno yale huenda hataitwa tena. Angeweza kusema kondoo akanyamaza, na angeitwa. Lakini mle ndani, pale mtu amelala hawezi kuuliza, angeingia na neno alilolificha.

Mavuno yakaja, hakuitwa. Beseni lake akaanza kulitumia kuoshea mboga.

Mwantumu alikuwa na mama yake, Bibi Chausiku, kikongwe aliyekuwa kitandani tangu mvua za mwanzo. Macho yalikuwa yamepungua, lakini masikio na ulimi vilikuwa vya msichana. Siku moja akatuma aitwe Zamda. Mwantumu alimleta bila kumwambia sababu, kwa kuwa na yeye hakuijua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaa hapa kwenye mwanga. Fungua kinywa."

Zamda akashangaa. "Bibi?"

"Fungua, nasema. Wewe umetazama vinywa vya watu miaka yote hiyo, chako ametazama nani?"

Zamda akafungua. Bibi Chausiku akasogea mpaka pua zikakaribia kugusana, akamshika kidevu, akamgeuzia dirishani. Alitazama muda mrefu.

"Ahaa. Nimekiona. Kishimo chenyewe ndicho hiki? Hakitoshi hata kuficha karafuu." Akamwachia. "Mwantumu!"

"Abee, mama."

"Walikwambia huyu alisemaje bombani?"

"Nilikuwepo, mama."

"Alisema kwamba lile asilolijua halijui?"

"Alisema hivyo."

"Basi mimi nitaoshwa na huyu. Usiniletee mtu wa Kabuku, simfahamu. Na wewe ndiye utakayemimina maji, maana ulianzisha wewe." Akajilaza, akavuta shuka. "Mimi jino sina hata moja, Zamda. Kwangu hutachelewa."

Alifariki baada ya Maulidi, asubuhi, akiwa amekwisha kunywa chai yake. Mwantumu alikuja mwenyewe kumwita. Alisimama uani kwa Zamda, hakupiga kelele ya kilio, akasema tu, "Mama Rehani, tunakungoja." Zamda akalitoa beseni kwenye mboga, akalisugua kwa majivu mpaka likang'aa.

Mle ndani alipima maji kwa kiwiko. Mwantumu akamimina, na maji yakamtoka kwa kishindo.

"Taratibu," Zamda akamwambia. Kisha akamwinamia aliyelala. "Nakugeuza sasa, bibi."

Alipofika mdomoni alizungusha kitambaa kidoleni, akapitisha juu ya ufizi usio na jino, upande huu na upande huu. Mwantumu alilia kimya, machozi yanadondoka kwenye maji anayoyamimina. Zamda hakumkataza.

Wanaume walipokwisha kuondoka na jeneza, wao wawili walibaki uani wanasuuza ndoo. Mwantumu alisuuza ndoo ile ile mara mbili. Mwishowe akasema, "Mwenzangu, swali lile..."

"Lilikuwa swali zuri," akasema Zamda. "Ila mimi ndiye niliyepaswa kumwuliza yule kijana kabla hajashona." Akageuza beseni likauke juani. Ulimi wake ulienda wenyewe pale nyuma kwenye kidonda kilichopona, kama ulivyozoea sasa. Akamtazama Mwantumu aliyevimba macho, akamwambia:

"Siku yangu ikifika, unioshe wewe. Na ukifika mdomoni, upande wa kushoto kule mwisho, pitisha kitambaa polepole. Pale paliwahi kuniuma sana."